Msamiati rasmi wa Kikantoni kuhusu ndugu waliofariki

Msamiati rasmi wa Kikantoni kuhusu ndugu waliofariki ni maneno ya heshima ambayo wasemaji wa Kikantoni huyatumia kuwataja wazazi, mababu, wenzi wa ndoa na jamaa wengine waliokufa. Maneno haya huonekana hasa katika maandishi: kwenye mawe ya makaburi, vibao vya mababu, tanzia za magazetini, vitabu vya nasaba na barua. Katika mazungumzo ya nyumbani watu hutumia maneno mengine mepesi zaidi.

Kwa Kiswahili neno "marehemu" linatosha kuwekwa mbele ya baba, mke, kaka au mtoto. Kikantoni rasmi hakina neno moja la namna hiyo. Anayeandika hana budi kujua kwanza kama marehemu alikuwa mkubwa au mdogo kwake, kama alikuwa wa ukoo wa baba au wa upande wa mama, na kama anamtaja ndugu yake mwenyewe au ndugu wa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo neno lililochongwa juu ya jiwe humtambulisha marehemu na pia humtambulisha aliyemzika. Mtu aliyekufa bila mtoto wa kumtaja alikuwa na nafasi ndogo sana katika msamiati huu.

## Lugha na maandishi

Kikantoni ni lugha ya jamii ya Kichina inayozungumzwa katika mkoa wa Guangdong, sehemu za Guangxi, Hong Kong na Makau, na pia na wahamiaji wengi nje ya China. Maneno mengi ya msamiati huu si ya Kikantoni peke yake. Yanatoka katika Kichina cha kale cha maandishi, ambacho wasomi wa China yote walikitumia hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Msemaji wa Kikantoni huyasoma kwa matamshi ya lugha yake. Herufi 考, kwa mfano, husomwa *haau2* kwa Kikantoni na *kǎo* kwa Kimandarini.

Matamshi katika makala hii yameandikwa kwa Jyutping, mfumo wa kuandika Kikantoni kwa herufi za Kilatini uliotolewa na wanaisimu wa Hong Kong mwaka 1993. Tarakimu mwishoni mwa silabi huonyesha toni, kuanzia 1 hadi 6, na toni ikibadilika maana hubadilika. *Haau2* (考) ni baba aliyefariki, lakini *haau3* (孝) ni utiifu kwa wazazi, na pia maombolezo yao.

## Historia

Herufi 考 na 妣 (*bei2*) ni za kale sana. Katika maandishi yaliyochongwa juu ya mifupa na magamba ya kobe wakati wa nasaba ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, 妣 ilimaanisha bibi au mama mkuu wa ukoo, na mwenzake wa kiume alikuwa 祖 (*zou2*), yaani babu. Herufi 考 ni ndugu wa 老 (*lou5*, "mzee"), na mwanzoni ilimaanisha mtu mwenye umri mkubwa. Baadaye maana zilisogea: 考 ikawa baba aliyefariki na 妣 ikawa mama aliyefariki.

Kitabu cha *Liji*, kimojawapo cha vitabu vya msingi vya mafundisho ya Konfusio, kinatofautisha wazi jina la mzazi aliye hai na jina la mzazi aliyekufa. Kitabu hicho kinataja pia majina ya mahekalu ya mababu kwa kufuata vizazi, na humo 顯考 (*hin2 haau2*) ni babu wa babu, si baba. Wakati huo 皇考 (*wong4 haau2*) alikuwa babu wa baba.

Baadaye 皇考 ilitumiwa kwa maana ya baba mtukufu aliyefariki. Lakini 皇 ni herufi ya kifalme, na wakati wa nasaba ya Yuan (1271–1368) watu wa kawaida walizuiwa kuitumia. Badala yake waliandika 顯, yenye maana ya "aliye dhahiri" au "mtukufu". Ndiyo maana mawe mengi ya makaburi ya Wakantoni leo huanza na 顯考 kwa baba na 顯妣 (*hin2 bei2*) kwa mama.

Katika lugha ya leo 考 inajulikana zaidi kwa maana ya mtihani, kama katika 考試 (*haau2 si3*). Mwanafunzi wa Hong Kong huiona herufi hiyo shuleni kila muhula, kisha huikuta tena kaburini kwa babu yake ikiwa na maana nyingine kabisa. Maana ya kale imehifadhiwa pia katika msemo 如喪考妣 (*jyu4 song3 haau2 bei2*), "kama aliyefiwa na baba na mama", unaosemwa juu ya mtu anayehuzunika kupita kiasi, mara nyingi kwa kejeli.

## Viambishi vinne

Ili kuelewa maneno ya waliokufa ni lazima kujua maneno ya walio hai, kwa kuwa hutofautiana kwa herufi moja tu ya mwanzo.

* 家 (*gaa1*, "nyumba") huwekwa mbele ya ndugu wa msemaji aliye hai na aliye mkubwa kwake. 家父 (*gaa1 fu6*) ni "baba yangu", naye yu hai.
* 舍 (*se3*, "makazi") huwekwa mbele ya ndugu wa msemaji aliye hai na aliye mdogo kwake. 舍弟 (*se3 dai6*) ni "mdogo wangu wa kiume".
* 先 (*sin1*, "aliyetangulia") huwekwa mbele ya ndugu wa msemaji aliyekufa na aliyekuwa mkubwa kwake. 先父 (*sin1 fu6*) ni "marehemu baba yangu".
* 亡 (*mong4*, "aliyepotea, aliyekufa") hutumiwa hasa kwa ndugu aliyekufa aliyekuwa mdogo au rika la msemaji. 亡弟 (*mong4 dai6*) ni "marehemu mdogo wangu".

Kwa ndugu wa mtu anayeambiwa hutumiwa 令 (*ling6*). 令尊 (*ling6 zyun1*) ni "baba yako" na 令堂 (*ling6 tong4*) ni "mama yako", wote wakiwa hai. Baba wa mwenzio akiwa amefariki huitwa 令先尊 (*ling6 sin1 zyun1*).

Kukosea hapa ni jambo zito. Anayeandika 先父 wakati baba yake yu hai amemtangaza kuwa amekufa. Anayemwambia mwenzake "家父" akimaanisha baba wa huyo mwenzake amejifanya mtoto wa nyumba ile. Makosa haya hutolewa mara kwa mara kama mifano katika masomo ya uandishi wa barua.

Herufi 先 yenyewe haina maana mbaya. Katika neno la kawaida 先生 (*sin1 saang1*), "bwana" au "mwalimu", ina maana ya mtu aliyezaliwa mapema. Aliyezaliwa kabla na aliyeondoka kabla hutajwa kwa herufi hiyo hiyo.

## Wazazi

Baba na mama ndio wenye maneno mengi zaidi.

| Herufi | Matamshi | Maana na matumizi |
|---|---|---|
| 先父 | *sin1 fu6* | marehemu baba yangu; katika barua na hotuba |
| 先母 | *sin1 mou5* | marehemu mama yangu. Katika barua na hotuba |
| 先嚴 | *sin1 jim4* | marehemu baba yangu. 嚴 ni "mkali" |
| 先慈 | *sin1 ci4* | marehemu mama yangu; 慈 ni "mwenye huruma" |
| 先考, 顯考 | *sin1 haau2, hin2 haau2* | marehemu baba. Katika makaburi, vibao na tanzia |
| 先妣, 顯妣 | *sin1 bei2, hin2 bei2* | marehemu mama. Katika makaburi, vibao na tanzia |

Maneno 嚴 na 慈 yanabeba picha ya zamani ya familia: baba ndiye mwenye kuadibu, mama ndiye mwenye kuhurumia. Wazazi wakiwa hai huitwa 家嚴 na 家慈, na wakifa ni kiambishi tu kinachobadilika.

## Mababu

Kwa vizazi vya juu huongezwa herufi zinazohesabu ngazi. Babu mzaa baba ni 祖考 (*zou2 haau2*) na bibi mzaa baba ni 祖妣 (*zou2 bei2*). Baba wa babu ni 曾祖考 (*zang1 zou2 haau2*), na kizazi kinachofuata ni 高祖考 (*gou1 zou2 haau2*). Katika barua na hotuba, babu aliyefariki huitwa 先祖父 (*sin1 zou2 fu6*) na bibi 先祖母 (*sin1 zou2 mou5*).

Wazazi wa mama hutengwa kwa herufi 外 (*ngoi6*, "nje"). Babu mzaa mama aliyefariki ni 先外祖父 (*sin1 ngoi6 zou2 fu6*). Katika desturi ya ukoo wa baba, vibao vyao vilikaa katika nyumba ya wana wao wa kiume, si katika nyumba ya mkwe.

Kwa mazungumzo mababu wa mbali wa ukoo huitwa 太公 (*taai3 gung1*). Vijijini Guangdong na katika vijiji vya kale vya Hong Kong, koo kubwa zilikuwa na kumbi za mababu, kama ukumbi wa ukoo wa Tang huko Ping Shan. Jijini Guangzhou, ukumbi maarufu wa ukoo wa Chen ulikamilika mwaka 1894 na leo ni jumba la makumbusho. Baada ya kuzuru makaburi, nyama ya nguruwe iliyotolewa kwa mababu iligawiwa kwa wanaukoo. Kutokana na desturi hiyo ukapatikana msemo 太公分豬肉 (*taai3 gung1 fan1 zyu1 juk6*), "babu mkuu anagawa nyama ya nguruwe", unaosemwa pale ambapo kila mmoja anapata fungu lake.

## Wenzi, ndugu na watoto

| Herufi | Matamshi | Maana |
|---|---|---|
| 先夫, 亡夫 | *sin1 fu1, mong4 fu1* | marehemu mume wangu |
| 亡妻, 先室 | *mong4 cai1, sin1 sat1* | marehemu mke wangu |
| 先伯 | *sin1 baak3* | marehemu baba mkubwa |
| 先叔 | *sin1 suk1* | marehemu baba mdogo |
| 先兄 | *sin1 hing1* | marehemu kaka mkubwa |
| 先姊 | *sin1 zi2* | marehemu dada mkubwa |
| 亡弟 | *mong4 dai6* | marehemu mdogo wa kiume |
| 亡妹 | *mong4 mui6* | marehemu mdogo wa kike |
| 亡兒 | *mong4 ji4* | marehemu mwanangu |
| 亡女 | *mong4 neoi5* | marehemu binti yangu |

Msomaji wa Kiswahili atatambua tofauti ya baba mkubwa na baba mdogo, kwa kuwa Kikantoni nacho hutenganisha ndugu wa baba kwa umri wao kulinganishwa na baba.

Kwa mtoto aliyekufa kabla ya wazazi wake maneno rasmi ni machache. Kwa desturi ya zamani wazazi hawakumfanyia mtoto ibada za heshima, kwa kuwa heshima hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Wakantoni huuita msiba wa namna hii 白頭人送黑頭人 (*baak6 tau4 jan4 sung3 hak1 tau4 jan4*), "mwenye nywele nyeupe anamsindikiza mwenye nywele nyeusi". Hakuna msiba unaohesabiwa kuwa mchungu kuliko huo.

## Majina ya wafiwa

Msamiati huu hauishii kwa marehemu. Wafiwa nao hupata majina mapya, ambayo huandikwa chini ya tanzia au pembeni mwa jiwe la kaburi.

* 孤子 (*gu1 zi2*) ni mwana aliyefiwa na baba huku mama yake yu hai.
* 哀子 (*oi1 zi2*) ni mwana aliyefiwa na mama huku baba yake yu hai.
* 孤哀子 (*gu1 oi1 zi2*) ni mwana ambaye sasa wazazi wote wawili wamefariki.
* 承重孫 (*sing4 zung6 syun1*), "mjukuu abebaye mzigo", ni mjukuu anayeshika nafasi ya mwana mkubwa katika mazishi ya babu au bibi, kwa kuwa baba yake alitangulia kufa.
* 未亡人 (*mei6 mong4 jan4*), "mtu ambaye bado hajafa", ni mjane.
* 杖期夫 (*zoeng6 gei1 fu1*) ni mgane anayeomboleza mwaka mmoja akiwa na fimbo ya msiba.

Majina haya hayategemei umri. Mzee wa miaka 70 anayemzika mama yake, baba yake akiwa amefariki zamani, hutia jina lake kama 孤哀子. Msomaji wa tanzia hujua mara moja ni nani aliyebaki katika nyumba ile.

Neno 未亡人 limelaumiwa sana, kwa sababu linamtaja mwanamke kana kwamba alipaswa kufa pamoja na mumewe. Hakuna neno kama hilo kwa mgane. Siku hizi familia nyingi huandika tu 妻 (*cai1*, "mke").

Majina ya wafiwa yaliendana na madaraja matano ya mavazi ya msiba, 五服 (*ng5 fuk6*). Daraja la juu lilikuwa la watoto kwa wazazi wao, nalo lilihesabiwa kuwa la miaka mitatu. La chini lilikuwa la miezi mitatu kwa jamaa wa mbali. Binti aliyekwisha kuolewa aliwaombolezea wazazi wake kwa mwaka mmoja tu, kwa kuwa alihesabiwa kuwa wa ukoo wa mumewe.

## Jiwe la kaburi

Mfano wa maandishi ya kaburi la baba unaweza kutolewa kwa jina Chan Tai Man (陳大文), ambalo Hong Kong hutumiwa kama "fulani" katika fomu na mifano:

顯考陳公諱大文府君之墓
*hin2 haau2 can4 gung1 wai5 daai6 man4 fu2 gwan1 zi1 mou6*

Maana yake kwa mfuatano ni: baba mtukufu aliyefariki, mzee wa ukoo wa Chan, jina lake lisilotamkwa ovyo Tai Man, bwana, kaburi lake. Herufi 諱 huonyesha kwamba jina la marehemu ni mwiko kwa watoto wake. Kwa desturi mtoto hakutamka jina la mzazi, hata akiwa hai.

Kaburi la mama katika familia hiyo, akiwa amezaliwa katika ukoo wa Lei (李), lingeweza kuandikwa hivi:

顯妣陳門李氏太夫人之墓
*hin2 bei2 can4 mun4 lei5 si6 taai3 fu1 jan4 zi1 mou6*

Maana yake ni: mama mtukufu aliyefariki, wa mlango wa Chan, mzaliwa wa ukoo wa Lei, bibi mheshimiwa, kaburi lake.

Maandishi yote mawili yana herufi 11, na hilo si kwa bahati. Familia nyingi huhesabu herufi kwa kurudia maneno matano: 生 (kuzaliwa), 老 (uzee), 病 (ugonjwa), 死 (kifo) na 苦 (mateso). Herufi ya mwisho inapaswa kuangukia "kuzaliwa" au "uzee", kwa hiyo idadi kama 6, 7, 11 au 12 hukubalika. Bila 之墓 ("kaburi la") maandishi ya baba yangekuwa na herufi 9 na kuishia kwenye "kifo". Bila 氏 maandishi ya mama yangekuwa na herufi 10 na kuishia kwenye "mateso". Hivyo herufi inaweza kuongezwa au kupunguzwa kwa ajili ya hesabu tu.

Rangi pia ina maana. Katika kaburi la mume na mke, jina la aliyebaki hai huweza kuchongwa mapema na kupakwa rangi nyekundu. Akifa, rangi hubadilishwa.

## Tanzia

Tanzia ya gazetini huitwa 訃聞 (*fu6 man4*). Magazeti ya Kichina ya Hong Kong yamezichapisha kwa muda mrefu kwa lugha ya kale. Baada ya jina la marehemu hufuata namna ya kufa: 壽終正寢 (*sau6 zung1 zing3 cam2*), "alimaliza umri wake katika chumba kikuu", kwa mwanamume, na 壽終內寢 (*sau6 zung1 noi6 cam2*), "alimaliza umri wake katika chumba cha ndani", kwa mwanamke. Maneno hayo huandikwa hata kama mtu alifia hospitalini.

Umri nao una maneno yake. Kwa kawaida 享壽 (*hoeng2 sau6*) hutumiwa kwa aliyefika miaka 60, 享年 (*hoeng2 nin4*) kwa aliyekufa kabla ya hapo, na 得年 (*dak1 nin4*) kwa kijana. Mara nyingi huongezwa 積閏 (*zik1 jeon6*), "pamoja na miezi ya nyongeza". Kalenda ya Kichina ya mwezi na jua huongeza miezi 7 katika kila miaka 19. Mtu aliyeishi miaka 76 amepita miezi ya nyongeza 28, yaani zaidi ya miaka miwili. Kwa sababu hiyo umri wa kwenye tanzia unaweza kuwa mkubwa kuliko ule wa kwenye kitambulisho, na watafiti wa nasaba hawana budi kuuangalia kwa makini.

Mwishoni wafiwa hutia majina yao pamoja na maneno 泣告 (*jap1 gou3*), "wanatangaza huku wakilia".

## Wanawake na wasio na watoto

Mifano miwili ya makaburi iliyotajwa hapo juu ina urefu sawa, lakini jina la baba limo na jina la mama halimo. Mama ametajwa kwa ukoo wa mumewe na ukoo wa baba yake tu. Vitabu vya nasaba (族譜, *zuk6 pou2*) viliandikwa kwa namna hiyo hiyo kwa karne nyingi. Mtu wa leo anayetafuta jina la mama wa babu yake mara nyingi huambulia herufi mbili, kama 李氏, yaani "mwanamke wa ukoo wa Lei", na hakuna zaidi.

Katika ndoa za wake wengi, nasaba zilitenganisha mke wa kwanza (元配, *jyun4 pui3*), mke aliyeolewa baada ya wa kwanza kufa (繼室, *gai3 sat1*) na mke mdogo (側室, *zak1 sat1*). Hong Kong desturi ya kuoa wake wadogo iliendelea kuruhusiwa hadi tarehe 7 Oktoba 1971, kwa hiyo tofauti hizo bado zinaonekana katika makaburi ya karne ya 20.

Hali ya mwanamke asiyeolewa ilikuwa ngumu zaidi. Maneno 考 na 妣 husemwa na mtoto. Asiye na mtoto hana wa kumwita hivyo, na binti aliyekufa bila kuolewa hakuwekewa kibao kwenye meza ya mababu wa baba yake. Katika eneo la Shunde na majirani zake walikuwepo wanawake walioapa kutoolewa, waitwao 自梳女 (*zi6 so1 neoi5*), "wanawake waliojisuka wenyewe". Wengi walifanya kazi katika viwanda vya hariri, na baadaye kama watumishi wa nyumbani Hong Kong na Singapuri. Walichanga fedha na kununua nyumba zao, 姑婆屋 (*gu1 po4 uk1*), ambamo waliishi uzeeni na ambamo vibao vyao viliweza kuwekwa baada ya kufa. Humo walitajwa na wenzao, kwa kuwa hawakuwa na wana wa kuwataja.

## Maneno ya kila siku

Nje ya maandishi rasmi, Wakantoni wengi hawasemi *sin1 fu6*. Husema 老豆 (*lou5 dau6*), neno la nyumbani la "baba", na kuongeza kwamba amefariki: 我老豆過咗身 (*ngo5 lou5 dau6 gwo3 zo2 san1*). Neno 過身 (*gwo3 san1*) ni la adabu, na 走咗 (*zau2 zo2*, "ameondoka") ni laini zaidi. Neno la moja kwa moja, 死 (*sei2*), huepukwa mbele ya wafiwa. Hata tarakimu nne, 四 (*sei3*), huepukwa mahali pengi kwa sababu ya kufanana nalo.

Wajane wazee waliweza kumtaja mume aliyekufa kama 死鬼 (*sei2 gwai2*), "mzimu mfu". Neno hilo likisikika peke yake ni kali, lakini kinywani mwa mjane lilibeba mazoea ya ndoa ndefu zaidi kuliko dharau.

Wakati wa kuyasoma maneno rasmi kwa sauti ni hasa sikukuu za kuzuru makaburi, 拜山 (*baai3 saan1*). Hizo ni Ching Ming mwanzoni mwa Aprili, na Chung Yeung siku ya 9 ya mwezi wa 9 wa kalenda ya Kichina. Zote mbili ni siku za mapumziko Hong Kong na Makau.

## Nje ya Guangdong

Wahamiaji kutoka Guangdong walisambaza maneno haya Asia ya Kusini-Mashariki, Marekani, Kanada, Australia na katika visiwa vya Bahari ya Hindi kama Madagaska na Morisi. Singapuri, makaburi ya Peck San Theng yalianzishwa mwaka 1870 kwa ajili ya watu wa Guangzhou, Huizhou na Zhaoqing. Wahamiaji wengi walitaka mifupa yao irudishwe kwao. Hong Kong kuna nyumba ya majeneza ya Tung Wah, iliyofunguliwa mwaka 1899, ambako majeneza na masanduku ya mifupa kutoka ng'ambo yalisubiri kupelekwa vijijini. Jina na kijiji viliposomeka, mifupa iliweza kuwafikia jamaa.

Maneno haya yamo pia katika lugha jirani zilizotumia herufi za Kichina. Kivietinamu kina *hiển khảo* na *hiển tỷ*. Nchini Korea, karatasi ya ibada ya mababu huandikwa 顯考學生府君神位, na husomwa *hyeongo haksaeng bugun sinwi*. Neno *haksaeng* ("mwanafunzi") huwekwa humo kwa mwanamume ambaye hakuwahi kushika cheo serikalini.

## Hali ya sasa

Matumizi ya msamiati huu yamepungua. Hong Kong zaidi ya asilimia 90 ya wafu huchomwa, na kibao cha kifuniko cha majivu ni kidogo: hutosha jina, picha na tarehe. Tanzia nyingi huandikwa kwa Kichina cha kisasa, na mabinti hutajwa pamoja na wana. Mama naye huandikwa kwa jina lake kamili mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Hata hivyo maneno ya kale hayajatoweka. Wachongaji wa mawe na wahudumu wa mazishi huyajua, nao ndio huulizwa na familia ambazo hazijui tena tofauti ya 先 na 顯 au ya 孤 na 哀. Kwa wajukuu waliozaliwa ng'ambo na wasiosoma Kichina, kujua herufi chache tu kama 考, 妣, 祖, 門 na 氏 hutosha kutambua kaburi ni la baba au la mama, ni la kizazi kipi, na mwanamke aliyezikwa hapo alitoka ukoo gani.